Hatuhitaji Kituo Kingine cha Yatima Ihumwa

Kuna wazo ambalo makanisani mwetu limeshapewa heshima ya kanuni ya imani: kwamba kanisa linalowajali watoto ni lile lenye kituo cha yatima. Usharika usio na kituo huonekana bado mchanga. Huduma mpya ikishasajiliwa, kwenye karatasi ya maono yake, baada ya uinjilisti na kabla ya redio, hukosi kukuta kituo cha yatima. Na hapa Dodoma, likizuka suala la eneo la kujenga, kidole kinaelekea mashariki, barabara ya Morogoro, Ihumwa na majirani zake, ambako ekari bado zinapatikana.

Nalipinga wazo hilo. Nalipinga nikiwa Mkristo anayeketi benchi moja na wanaolitetea na kutoa sadaka kwenye kapu lile lile. Fedha na nguvu tunazotaka kuzimwaga kwenye mabweni ya Ihumwa zingewafaa watoto hao hao zaidi kama zingewafuata walipo, kwa mama zao, bibi zao na shangazi zao. Na yule asiye na mtu kabisa, pa kwake si bwenini. Pa kwake ni nyumbani kwetu.

Tuanze na Ihumwa yenyewe, maana hoja hii ikiachwa hewani inageuka mahubiri.

Julai 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali yake itahamia Dodoma, na safari hii ikahama kweli. Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Mji wa Serikali ukaota Mtumba, jirani kabisa na Ihumwa. Kwa miaka michache mashamba ya uwele, mtama na karanga yakapimwa, yakawekewa bikoni, yakawa viwanja. Kuna waliofaidika, na siwaonei wivu. Lakini ipo pia familia iliyouza shamba la babu ikanunua bodaboda, bodaboda ikapata ajali, na sasa haina shamba wala chombo. Mama aliyekuwa akilima anabeba maji ya zege kwenye saiti, au anawapikia mafundi, au anafua nguo za watumishi waliohamia. Anatoka alfajiri, anarudi jioni. Mtoto wa miaka mitatu anabaki na dada yake wa miaka minane, ambaye kwa sababu hiyo haonekani shuleni. Baba ama amekufa, ama yuko Mererani anatafuta tanzanite, ama yuko hapo hapo mtaani na hana habari.

Siku mama huyo akilazwa wiki mbili, taarifa zinamfikia mjumbe, kutoka kwa mjumbe zinafika kwa mzee wa kanisa, na kamati inakuja na daftari. Jina la mtoto linaingia kwenye orodha ya yatima. Mama yupo hai, anahema, ana akili timamu, ila anaumwa na hana hela. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilipochapisha taarifa yake juu ya watoto wa vituoni duniani, lilieleza kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wana mzazi mmoja au wote wawili hai. Anayeshangaa hesabu hiyo akae siku moja kwenye ofisi ya mlezi wa kituo chochote na kuuliza kila mtoto sikukuu anakwenda kwa nani. Wengi wana pa kwenda.

Kwa nini basi mama aliye hai ampeleke mwanawe kwa watu wengine? Wenzetu wengi hudhani ni kwa kukosa upendo, au ushamba, au ulevi. Mimi naona ni hesabu, na hesabu yake ni sahihi. Kituoni kuna uji asubuhi, viatu, neti, na mara nyingi shule ya mchepuo wa Kiingereza inayolipiwa na mfadhili. Kwake kuna nini? Ada ya shule ya serikali iliondolewa kuanzia Januari 2016, ndiyo, lakini sare, madaftari na mchango wa chakula cha mchana havikuondoka. Mama anatazama pande mbili na kuchagua palipo na uji, kama ambavyo mimi na wewe tungechagua. Sisi ndio tuliouweka msaada mbali na nyumba yake, tukamwambia njia ya kuufikia ni kumwacha mtoto getini. Kisha tunasimama madhabahuni kusema watoto hawa wametelekezwa.

Maandiko tumeyabandika kwenye vibao vya vituo vyote, na Yakobo sura ya kwanza ndiyo inayobandikwa zaidi. Lakini tuisome tena taratibu. Yakobo anawataja yatima na wajane kwa pumzi moja, tena katika dhiki yao, pale pale walipo. Sisi tumewatenganisha: yatima tumemjengea, mjane tumemwombea. Tunamchukua mtoto, mama tunamwachia vitenge viwili siku ya Krismasi.

Angalia alivyofanya Elisha katika Wafalme wa Pili sura ya nne. Mjane wa mmoja wa wana wa manabii anamlilia kwamba mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Kama kuna mahali palipofaa kuanzisha kituo, ni hapo. Watoto wako hatarini kweli, mama hana kitu, na nabii ana jumuiya nzima ya watu wa Mungu nyuma yake. Wala hawakuwa watu wasiojua kujenga, maana sura mbili mbele tunawakuta wanakwenda Yordani kukata miti wajenge makao mapya baada ya yale ya kwanza kuwabana. Elisha hakusema walete. Aliuliza mama ana nini nyumbani. Alikuwa na chupa ya mafuta. Akaambiwa aazime vyombo kwa majirani, ajifungie ndani pamoja na wanawe, amimine, auze, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kinachobaki. Muujiza wote ule ulifanyika ndani ya nyumba ya mjane, mlango umefungwa, watoto wakiwa wanampelekea mama yao vyombo. Hakuna aliyepiga picha.

Au mchukue binti Farao. Huyu hata hakuwa mwamini wa Mungu wa Israeli. Ameokota mtoto mtoni, ana kasri, ana wajakazi, ana kila sababu ya kumbeba akamlee ndani. Dada wa mtoto anajitokeza, anamletea mnyonyeshaji, na mnyonyeshaji ni mama mzazi. Binti Farao anakubali kumlipa mshahara. Kwa lugha ya maofisa ustawi wa leo, alitoa posho ili mama amlee mwanawe mwenyewe. Ndiyo, baadaye Musa alihamia kasrini, lakini alihamia akiwa mwana wa mtu, si namba ya kitanda.

Na Torati, katika Kumbukumbu sura ya 24, inamwagiza mwenye shamba asirudi kuchukua mganda aliousahau, asipige mzeituni mara ya pili, asichume mabaki ya zabibu: ni ya mgeni, yatima na mjane. Sisi watu wa Dodoma tunaolima zabibu tunajua mabaki hayo yana thamani gani. Yatima wa Torati aliokota, akabeba, akarudi kula kwao. Sheria ile haikudai ahame ndipo ashibe.

Kuna wanaonijibu kwa Samweli. Wanasema Hana alimpeleka mwanawe Shilo akiwa mdogo, akakulia huko, akawa nabii. Sawa. Ila Samweli hakuwa yatima, alikuwa mtoto wa nadhiri, na mama yake alikuwa akimshonea kanzu kila mwaka. Na anayetaka kuifanya Shilo kielelezo cha kituo bora cha watoto aendelee mistari michache asome habari za wana wa Eli, waliokuwa wakipora nyama ya sadaka na kulala na wanawake waliohudumu mlangoni, huku baba yao akijua na kunung'unika tu.

Nisionekane nachezea maandiko. Nasema tu kwamba picha ya bweni tuliyo nayo vichwani haikutoka kwenye Biblia. Ilitoka Uingereza ya karne ya 19. George Müller alianza kulea yatima Bristol mwaka 1836, na majumba yake makubwa ya Ashley Down yakawa habari ya kusisimua kwa kila mmisionari: mtu aliyeomba kwa imani, asiyechangisha, na watoto wakala. Ni habari njema, hata mimi nikiisoma hunigusa. Lakini Waingereza wenyewe waliichunguza njia hiyo. Kamati ya Curtis ilitoa taarifa yake mwaka 1946, Sheria ya Watoto ikafuata mwaka 1948, na mkazo ukahamia kwenye kumweka mtoto ndani ya familia. Shirika la Müller liliyauza majumba ya Ashley Down mwaka 1958. Sisi tunajenga mwaka huu kile walichokiuza wao miaka zaidi ya sitini iliyopita, tena mara nyingi kwa fedha zao.

Hapo kwenye fedha ndipo penye kiini cha ugomvi wangu, na nitakaa hapo kidogo.

Tazama Jumamosi ya wageni kwenye kituo chochote. Kosta inaingia, wanashuka watu wenye fulana za rangi moja: wafanyakazi wa taasisi fulani, kikundi cha akina mama, vijana wa kipaimara, au bwana harusi na bibi harusi wanaotaka baraka. Vinashushwa sukari, unga, mafuta ya kula, sabuni za miche, pampasi. Vinapangwa chini mbele ya bango. Watoto wanapangwa nyuma ya bango. Wanaimba wimbo wa kukaribisha wageni, ambao wameuimba wiki iliyopita kwa wageni wengine. Mmoja, na kwa kawaida ni yule yule anayejua kujieleza, anaitwa mbele aseme baba yake alikufaje. Akina mama wanafuta machozi. Picha zinapigwa, mtoto anabebwa, mtoto anashushwa, Kosta inaondoka. Simlaumu aliyeleta sukari. Sukari ni sukari. Lakini hebu tuseme ukweli: hiyo ni kazi, na anayeifanya ni mtoto. Mtoto anayelelewa na bibi yake huko Ihumwa, hata akilala kwenye ngozi, haimbi ili ale.

Bweni linaonekana. Lina paa, lina rangi, lina kibao chenye jina la mfadhili wa ng'ambo au la mheshimiwa. Posho ya bibi haionekani. Kaya ya watu sita ilikuwa ikijiunga na CHF iliyoboreshwa, mfuko wa afya ya jamii, kwa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kadi kama hiyo ingewazuia watoto wangapi wasifike kwenye daftari la kamati, maana mama angetibiwa mapema na kurudi kazini. Lakini nani atakata utepe kwenye bima ya bibi? Harambee ya bima haina mgeni rasmi. Nimekaa kwenye vikao vya kutosha kujua kwamba hoja ya jengo hupita kwa makofi, na hoja ya kusaidia kaya hupelekwa kwenye kamati ndogo, huko ikafie. Jengo likishakuwepo, lazima lijazwe: hakuna mfadhili anayefurahia vitanda vitupu. Hapo ndipo vituo vinapoanza kutafuta watoto, badala ya watoto kutafuta vituo.

Wanaotetea vituo wanayo hoja moja nzito kweli kweli, na kwa kuwa wengi wao hawaijui, wacha niwape mwenyewe. Mwaka 2009 Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto yatima na waliotelekezwa wenye miaka 6 hadi 12 katika nchi tano: Kambodia, Ethiopia, India, Kenya na Tanzania yetu hii. Karibu watoto 3,000 walipimwa, baadhi wakiishi vituoni, wengine kwenye familia. Wa vituoni hawakuonekana kuwa na hali mbaya zaidi kiafya, kiakili wala kihisia kuliko wenzao wa majumbani, na kwa vipimo vingine walikuwa afadhali kidogo.

Siupuuzi utafiti huo. Unatufundisha tusiwe na njozi juu ya maisha ya kijijini. Lakini uangalie ulilinganisha nini. Upande mmoja kuna kituo chenye mpishi, daktari wa kutembelea na mfadhili. Upande wa pili kuna nyumba ya ndugu maskini ambayo hakuna aliyeisaidia. Mizani hiyo imewekewa unga kwenye sahani moja tu, na bado sahani ya pili haikuanguka. Nipe matokeo ya kituo dhidi ya bibi anayepewa nusu tu ya gharama za kituo, ndipo tuzungumze. Isitoshe, watoto wale walikuwa wa umri wa shule. Kwa vichanga ushahidi uko wazi zaidi. Huko Bucharest, Romania, kuanzia mwaka 2000, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa vituoni wakiwa wadogo mno. Kwa kura, nusu wakapelekwa kwenye familia za kuwalea, nusu wakaendelea na matunzo ya kawaida. Waliopata familia wakakua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliotoka kabla ya kufika kama miaka miwili.

Utaniambia Ihumwa si Romania, na masista wetu wana upendo. Sina shaka na upendo wao. Tatizo ni zamu. Mlezi wa asubuhi anaondoka saa nane mchana, anakuja mwingine. Mwaka ukiisha huyu kaolewa, yule kahamishwa, wa tatu kapata kazi Mtumba. Kichanga hajui zamu. Anajua kwamba mtu aliyekuwa akimbeba hayupo tena.

Hoja ya pili ndiyo inayosemwa zaidi mitaani: ndugu wenyewe ndio wabaya. Wajomba wanauza nyumba ya marehemu, mama wa kambo wanachoma watoto kwa pasi, babu wengine hata kuwataja ni aibu. Ni kweli, na sitaki kulifunika. Ila kwa nini ubaya wa ndani ya ukoo tunautibu kwa ukuta, wakati ubaya wa ndani ya ukuta tunauona kama ajali? Kwa bibi kuna majirani wanaosikia kilio, kuna mwalimu, kuna mwenyekiti wa mtaa. Kituoni kuna geti na mlinzi, na mkuu wa kituo ndiye mlezi, ndiye mwajiri, ndiye mpokea michango, na Jumapili ndiye mhubiri. Mtoto akidhulumiwa humo atamwambia nani? Atawaambia wageni wa Jumamosi? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kuishi na wazazi au walezi wake, na inampa afisa ustawi wa jamii mamlaka ya kuingilia pale nyumba inapokuwa hatari. Tatizo ni kwamba afisa huyo anakuwa na kata nyingi na hana pikipiki. Makanisa ya barabara ya Morogoro yakikusanya fedha za bweni moja yangeweza kumnunulia pikipiki na mafuta ya miaka kadhaa, na watoto ambao hawataliona bweni lolote wangelindwa.

Wa tatu wanasema ukoo wa Kiafrika umekufa; UKIMWI na mji vimeumaliza. Wanaosema hivi huku Ugogo wamesahau Mtunya. Njaa ile ya mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza inakadiriwa kuua watu 30,000 kati ya 150,000 hivi waliokuwa wakiishi Ugogo. Majeshi ya pande zote mbili yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Watoto waliobaki waliingia kwenye kaya za ndugu na hata za wasio ndugu. Sisemi wote walipokewa vizuri; wapo waliotolewa kwa wenye chakula ili wengine wapate kula. Lakini ukoo uliopita hapo haujafa kwa sababu ya viwanja vya Mtumba. Hata leo, sehemu kubwa kabisa ya watoto waliofiwa nchini hawaishi vituoni. Wanaishi na bibi, shangazi, kaka mkubwa. Bibi hao hawana kibao.

Tazama Rwanda, nchi ambayo kama kuna mahali ukoo ulichinjwa ni huko. Baada ya 1994 vituo vilijaa, vingi vikiwa vya makanisa. Mwaka 2012 serikali ilipitisha mkakati wa kuvifunga. Vilihesabiwa vituo 33 vyenye watoto zaidi ya 3,000. Wengi wa watoto hao wakarudishwa kwa ndugu au kupokewa na familia nyingine, hatua kwa hatua, kila mmoja akifuatiliwa. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua mkakati wa miaka kumi wa kurudisha malezi kwenye familia. Sisi bado tunachangisha saruji.

Nisiwe mdhalimu. Kijiji cha Matumaini pale Kisasa kilianzishwa mwaka 2002 na Wamisionari wa Damu Azizi pamoja na masista, kwa ajili ya watoto wenye VVU. Mwaka 2002 dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijaanza kutolewa bure nchini, na mtoto aliyejulikana ana virusi aliogopwa hata na wa nyumbani kwake. Aliyemfungulia mlango wakati ule alifanya ya Injili, na mtu asinitumie kumtukana. Shule ya Wasioona Buigiri, iliyoanzishwa na kanisa la Anglikana mwaka 1950, ni shule. Mtoto anasoma nukta nundu na likizo anarudi kwao, hilo ni jambo jingine kabisa. Na serikali ina Makao ya Taifa ya Watoto hapo Kikombo, karibu na Ihumwa, kwa mtoto aliyeokotwa usiku ambaye lazima alale mahali salama wakati ndugu wanatafutwa. Mahali pa kupitia pawepo. Ninachokataa ni mtoto kukaa miaka kumi na tano pahali pa kupitia.

Sasa tuje kwa yule asiye na mtu kabisa, kichanga aliyeachwa kwenye karo la maji au nyuma ya gesti. Huyu ndiye turufu ya kila kamati ya ujenzi. Mimi nasema huyu ndiye anayetuumbua. Sheria inaruhusu malezi ya kambo na kuasili. Mwombaji wa kuasili awe na umri wa miaka 25 au zaidi, amzidi mtoto kwa angalau miaka 21, apitie ustawi wa jamii na Mahakama Kuu. Haihitaji uwe tajiri. Tuna wanandoa wangapi kwenye viti vyetu waliofunga na kuomba miaka kumi wapate mtoto, wakapakwa mafuta kila mkesha? Ni mara ngapi mchungaji amewaambia, pamoja na kuomba, nendeni ofisi ya ustawi? Tuna ibada ya kubariki ndoa, gari, duka na kisima. Ya kumpokea mtoto aliyeasiliwa mbele ya usharika ni wangapi tumewahi kuiona? Tunaogopa damu ya watu tusiowajua, tunaogopa mashemeji watasema nini, tunaogopa urithi. Kwa hiyo tunamjengea bweni Ihumwa, tunampelekea sukari.

Wala tusiseme hatuna nafasi nyumbani. Nafasi tunayo, na mtoto wa mtu analala humo tayari. Ni binti wa miaka kumi na tatu aliyeletwa kutoka kijijini Chamwino, au Bahi, au Mpwapwa, kuwa dada wa kazi. Baba yake kafariki, au mama yake ana wengine watano. Anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, mshahara anatumiwa mjomba, shule aliiacha darasa la tano. Ukiweka vigezo vya fomu za kituo chetu juu yake, anastahili kila kimoja. Wapo wazee wa kanisa wanaokwenda kuwatembelea yatima Jumamosi huku mmoja amebaki nyumbani kwao anapiga pasi suti ya Jumapili. Huyo hahitaji jengo. Anahitaji sare, daftari na mahali mezani, na mwenye nyumba anaweza kuvitoa kesho bila kibali cha mfadhili wala ramani ya Ihumwa.

Najua kamati nyingine zimeshanunua eneo na tofali zimeshafyatuliwa. Basi zisiharibike. Mama wa Ihumwa anachokikosa kuliko vyote ni mahali pa kumwacha mtoto kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Serikali yenyewe, katika programu jumuishi ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa hapa Dodoma Desemba 2021, inahimiza vituo vya kulelea watoto mchana ndani ya jamii. Makanisa yetu yanafungwa kwa kufuli Jumatatu hadi Jumamosi, yakiwa na choo, tangi la maji na kivuli. Mtoto wa miaka mitatu akiwa hapo na uji, dada yake wa miaka minane anarudi shuleni, mama anafanya kazi siku nzima, na jina lao haliingii kwenye daftari lolote. Vituo vya kulala vilivyopo visifungwe kwa usiku mmoja. Ofisi ya ustawi ikae na kila mtoto, imtafute kila ndugu, na posho iliyokuwa ikilipia kitanda imfuate mtoto aendako.

Kamati ya ujenzi ikisimama tena kuomba ahadi, mimi nitaahidi saruji siku itakaposema kwamba jengo la Ihumwa halina vitanda, na saa kumi na mbili jioni linafungwa kwa sababu watoto wote wameshachukuliwa na watu wao.